Sentensi ya Kwanza ya Hadithi Fupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila tunapokaa kusomeana hadithi. Huulizwa na wanafunzi, na watu wanaotuma simulizi kwa simu, na hata wazee walioanza kuandika baada ya kustaafu. Mifano ya sentensi nimeitunga mwenyewe, mibaya kwa mizuri, kwa hiyo ikikukera lawama ni zangu. Si lazima usome kuanzia juu. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine nitakuelekeza huko.

## Misingi

Kwa nini mnaihangaikia sentensi moja? Si hadithi nzima ndiyo muhimu?

Riwaya ina nafasi ya kukukaribisha: inakutandikia mkeka, inakuletea maji ya kunawa, ndipo chakula kije. Hadithi fupi ya maneno elfu mbili inakupokea mlangoni na sahani mkononi. Hakuna sebule. Kufikia nukta ya kwanza msomaji ameshajua anayesimulia ni nani, yuko karibu kiasi gani na tukio, na kama atacheka au ataumia. Ukimwambia vibaya hapo, aya tatu zinazofuata zitakuwa za kusahihisha.

Sababu nyingine ni ya kawaida kabisa. Watu wengi sasa wanasomea simu, wamesimama kwenye daladala au matatu, na kidole kiko tayari kusogeza.

Sentensi nzuri ya kwanza inafanya nini hasa?

Inamfanya msomaji aulize swali moja mahususi. "Hii hadithi inahusu nini?" si swali la kujivunia, maana hilo analiuliza mtu aliyechanganyikiwa. Chukua hii:

*Mama alirudi kutoka sokoni na nyanya zake zote.*

Hakuna damu humo, hakuna radi. Lakini "zake zote" imekwambia kwamba mama ni muuzaji, kwamba hakuuza hata moja, na kwamba anayesimulia ni mtoto aliyezoea kuona kikapu kikirudi kitupu. Unataka kujua sokoni kumetokea nini, na usiku huo watakula nini. Sentensi ina maneno manane.

Ilinganishe na hii, ambayo huletwa karibu kila mkutano kwa sura tofauti: *Siku hiyo yalitokea mambo ya ajabu ambayo sitayasahau maishani mwangu.* Mwandishi ametutangazia kwamba ana kitu, lakini bado hajakitoa. Neno "ajabu" ni la msomaji kulisema baada ya kuona, na mwandishi akilitangulia anamnyima kazi yake.

Lazima pawe na tukio la kushtua?

Hapana, na mshtuko una deni. *Tulimzika babu mara mbili* itamsimamisha yeyote. Sasa lipa. Ikiwa aya ya pili itaeleza kwamba ilikuwa hitilafu ya makaratasi hospitalini, kisha hadithi igeukie karo ya shule, msomaji atajiona ametapeliwa. Sentensi ya aina hiyo inataka hadithi ambayo mazishi mawili ndiyo moyo wake.

Zipo sentensi za kimya ambazo zinashika zaidi. *Kila Ijumaa Bi Mwanaidi huvitoa viatu vya mwanawe, huvipiga rangi, kisha huvirudisha chini ya kitanda.* Mwana yuko wapi? Hajatajwa kuwa amekufa, wala amesafiri, wala amefungwa. Viatu vimetosha.

Iwe na urefu gani?

Wowote unaobeba mzigo wake. Nimesoma sentensi za neno moja zilizoniganda, na nyingine za mistari mitano ambazo sikutaka ziishe. Ukiona umeweka "na" tatu na "ambaye" mbili, isome kwa sauti. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, ikate.

Niiandike kwanza, au niisubiri mwisho?

Andika yoyote, usonge mbele. Sentensi ya kwanza ya rasimu ni ngazi ya fundi: anaisimamia wakati wa kujenga, lakini haimo kwenye ramani ya nyumba.

Mimi niliwahi kuandika hadithi ya mvuvi aliyepotelea baharini. Nikaanza na bahari: rangi yake, harufu yake, kusi na kaskazi. Aya mbili nzima. Katika aya ya tatu, bila kufikiri, nikaandika: *Ngalawa ilirudi ikiwa na tanga lisilo letu.* Mwenzangu aliyeisoma aliziba aya mbili za juu kwa kiganja chake, akasoma tena kuanzia hapo, kisha akanitazama tu. Aya zile zilikuwa zangu za kupasha moto. Msomaji hakuzihitaji.

Jaribu hilo la kiganja. Ziba aya ya kwanza na uone kama hadithi inasimama. Mara nyingi inasimama, na mara nyingi mwanzo halisi umejificha kati ya aya ya pili na ya nne, ukiwa umekaa katikati ya aya kama mtu asiye na habari.

## Mianzo tuliyorithi

Mwalimu alinifundisha kuanza na mionzi ya jua. Kuna ubaya gani?

Wengi wetu tulifundishwa hivyo. *Jua lilichomoza kutoka matlai likitandaza mionzi yake ya dhahabu, nao ndege wakaimba nyimbo tamu matawini.* Sentensi hii na ndugu zake zimekaririwa darasani kizazi baada ya kizazi, na kwenye mtihani zilikuwa na maana yake: zilimwonyesha msahihishaji kwamba mtahiniwa ana msamiati. Simlaumu mwalimu. Alikuwa akikutafutia alama.

Lakini msomaji wa hadithi hatoi alama za msamiati. Jua linachomoza kila siku, kwa mwizi na kwa bibi harusi, kwa hiyo kulitaja hakujaanza chochote. Ukitaka asubuhi, ipe kazi: *Hadi saa tatu asubuhi duka la Mzee Salehe lilikuwa halijafunguliwa, na mikate ilikuwa imerundikana mlangoni.* Asubuhi ipo humo, na imechelewa. Anayemjua Mzee Salehe ameshaanza kuogopa, na asiyemjua anaogopa kwa sababu ya mikate.

Naweza kuanza na "Hapo zamani za kale" au "Paukwa"?

Unaweza, ila kwanza elewa fomula hizo zilikuwa zikifanya nini. "Paukwa!" haikuwa sentensi ya kwanza ya hadithi, ulikuwa wito, na hadithi haikuanza mpaka waliokaa waitikie "Pakawa!" Vivyo hivyo kwa "Hadithi, hadithi!" na jibu lake: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hebu litazame jibu hilo. Wasikilizaji wenyewe ndio wanaoualika uongo, waziwazi, na kutaja bei yake kwamba uje na utamu. Ni mkataba. Bibi alikuwa ameshapewa ruhusa ya kudanganya kabla hajamtaja sungura.

Kwenye karatasi hakuna anayeitikia. Ukiandika "Paukwa!" msomaji yuko kimya kitandani na simu yake, na kimya hicho kinasikika. Ruhusa ile ambayo bibi alipewa bure, wewe huna budi kuitafuta ndani ya sentensi yako ya kwanza. Ndiyo maana mianzo ya ngano hufanya kazi vizuri pale mwandishi anapoichezea: msimulizi anaita "Paukwa" chumba cha wagonjwa na hakuna anayejibu, au mtoto anajibu neno jingine.

"Hapo zamani za kale" ina tatizo tofauti kidogo. Inamweka msomaji mbali salama: mambo yalikwisha, fisi aliadhibiwa, tulale. Hadithi fupi ya kisasa kwa kawaida inataka kinyume chake.

Methali je?

"Wahenga hawakukosea waliponena kuwa…" Ukisoma hadithi kumi zinazoanza hivyo utaona zote zinakwisha na mtu aliyejuta. Methali mwanzoni imeshatoa hukumu, na kesi haijasikilizwa. Kwenye insha ya methali shuleni huo ndio mchezo wenyewe, sawa. Kwenye hadithi umeufichua mwisho.

Methali inaokoka ikiwa imo mdomoni mwa mtu, tena mahali pasipostahili: *"Haraka haraka haina baraka," alituambia dereva wa gari la wagonjwa, akaagiza chai ya pili.* Hapo methali si hekima tena, ni kisu.

Mbona kila simulizi inaanza na "Naitwa fulani, nina umri wa miaka fulani, mzaliwa wa mkoa fulani"?

Kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu inafanana na ushuhuda wa kweli, jambo ambalo wasomaji wa simulizi za simu wanalipenda. Shida ni kwamba inasomeka kama maelezo ya kituo cha polisi. Jina na umri ni habari ambazo bado hatujazitamani. Tupe kwanza sababu ya kutaka kukujua.

Isipokuwa, bila shaka, msimulizi wako *yuko* kituo cha polisi. Hapo anza hivyo hivyo, na uache kitu kimoja kwenye maelezo kikataa kukaa sawa: umri unaobadilika, au mkoa ambao hajaujua vizuri.

Na milio? Kengele, hodi, simu?

"Kriiing!" "Ngo! Ngo! Ngo!" "Puu!" Tanakali za sauti ni mali ya Kiswahili na sitaki mtu azitupe. Ila mlio peke yake hauna mtu. Unamshtua msomaji ambaye hajui aogope kwa niaba ya nani. Sogeza mlio nafasi moja nyuma: tuonyeshe kwanza aliyekaa macho akiusubiri, au aliyeusikia akajifanya amelala. Simu inayolia saa tisa usiku imelia katika hadithi nyingi mno kiasi kwamba siku hizi napendekeza isilie. Mwandishi mmoja katika kikundi chetu alimwandika mama anayeitazama simu *isiyolia*, na hatukumwachia hadi alipomaliza.

Kuanza na ndoto?

Usianze nayo. Ukitugeuzia "kumbe ilikuwa ndoto" mwanzoni, hatutakuamini tena hata ukweli ukija.

Kuanza na swali kwa msomaji, kama "Je, umewahi kupenda usipopendwa?"

Hilo ni tangazo la dawa. Tena msomaji akijibu moyoni "hapana," umempoteza.

## Kiswahili chenyewe kinakupa nini

Kuna faida yoyote ya kuandika kwa Kiswahili hapa, au kanuni ni zilezile za lugha zote?

Zipo faida nyingi, na wengi hatuzitumii kwa sababu tunafikiria mwanzo kama mapambo ya nomino na vivumishi. Utajiri wetu uko kwenye kitenzi.

*Hakurudi.* Neno moja, na ni sentensi kamili. Ina mtu, ina wakati, ina ukanushi, na ndani ya ukanushi kuna aliyekuwa akingoja. Na huyo mtu ni mwanamume au mwanamke? Hatujui. Kiambishi *a-* hakisemi, na ukanushi wake *ha-* hausemi pia. Unaweza kumficha jinsia mhusika kwa aya nzima bila hila yoyote, mradi usimpe jina. *Alikuja amevaa koti langu mabegani.* Mke? Mwizi? Mwana aliyekua ghafla? Kila msomaji atamwona mtu wake, na wewe ndiye unayeamua lini umsahihishe. Usichelewe mno, lakini. Akishamzoea wa kwake atakukasirikia.

Halafu kuna ngeli. *Waliliona kwanza watoto.* Kitu chenyewe hakijatajwa, lakini *-li-* imeshatoa kidokezo. Si kitabu, si mti, si nyoka wa kawaida. Laweza kuwa joka, au gari, begi, shimo, jeneza. Msomaji anaanza kupanga maneno ya ngeli hiyo kichwani bila kujua kwamba anafanya hivyo. Umemfungulia mlango nusu, kwa silabi moja.

Nitumie wakati gani: nili-, nina-, hu-, -ka-?

Wengi huanza na *-li-* na hawakosei. Ni sakafu ya kusimulia. Lakini jua kila kiambishi kinaleta nini.

*-me-* inaleta jambo ambalo limeshatokea na matokeo yake yamesimama mbele yako. *Wameleta ngazi.* Ngazi iko hapo, na tunauliza ya nini. *-na-* inamweka msomaji ndani ya tukio, lakini inachosha haraka, na waandishi wengi huanza nayo kisha wakajisahau wakarudi kwenye *-li-* kufikia ukurasa wa pili. Chagua, ukae.

*Hu-* haina nafsi wala wakati. Inasema tu kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Inafaa kwa mtu aliyekwama. Rudi kwa Bi Mwanaidi na viatu (tazama swali la mshtuko): ukibadilisha "huvitoa" ikawa "alivitoa," ni usafi wa siku moja tu.

Ninayoipenda kuliko zote ni *-ja-*. *Baba hajafa, lakini turubai limeshafungwa uani.* "Hajafa" si sawa na "yu hai". *-ja-* inasema jambo linatarajiwa, ni suala la muda. Pamoja na "limeshafungwa" unapata familia nzima: waliokata tamaa mapema, jirani mwenye turubai, na mgonjwa ndani anayesikia nyundo. (Kama kwenu ni hema au tenti, andika hema au tenti. Usiandike neno la mtaa wa mtu mwingine.)

*-ka-* ina mkasa wake, nimeuweka mwishoni kabisa.

"Kulikuwa na", "palikuwa na", "mlikuwa na": si kitu kimoja?

Si kimoja, na ukishaona tofauti hutaanza tena na "kulikuwa na" kwa mazoea.

*Kisimani kulikuwa na mtu.* Huko, upande huo, hatujali sana wapi.

*Kisimani palikuwa na mtu.* Mahali palepale, pengine amesimama na ndoo.

*Kisimani mlikuwa na mtu.*

Umesikia? Herufi chache zimebadilika na mchota maji amekuwa maiti, au mtoto anayepiga kelele chini. Sentensi haijasema "ndani", haijasema "ameanguka". Natamani ningekuwa na msahihishaji aliyenionyesha hili nikiwa kidato cha pili badala ya kunihesabia tashbihi.

Kipi kiwe mwishoni mwa sentensi?

Kile kinachogonga. *Siku ya tatu baada ya harusi, mume wangu aliuza godoro.* Sasa ipindue: *Mume wangu aliuza godoro siku ya tatu baada ya harusi.* Habari ni ileile, lakini ya pili inaishia kwenye kalenda. Kwa masikio ya Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la mwisho kabla ya nukta ndilo linalobaki mdomoni. Liache liwe godoro.

Sentensi yangu ni sahihi kisarufi lakini nzito. Nipunguze wapi?

Anzia kwenye "ilikuwa ni siku ya Jumamosi ambapo". Futa yote. Kama Jumamosi ina maana, itarudi yenyewe.

Kisha tafuta "ambaye" na "ambacho". *Mtu ambaye alikuwa amekuja kutuzika* ni *aliyekuja kutuzika*. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi ni chepesi na kina mwendo. Acha "amba-" pale tu ambapo bila hiyo sentensi ingekuwa na utata.

Sikiliza pia upatanisho. *Vikombe vyangu viwili vizuri vilivunjika* ni Kiswahili safi, lakini inasikika kama kitendawili cha kupima ulimi. Mara nyingine mlio huo ni zawadi: mtu akilia juu ya vikombe vyake, v tano mfululizo zinaweza kuwa kicheko chake. Mara nyingi ni kelele tu. *Vikombe vilivunjika, viwili*: umeshatulia.

## Watu na sauti zao

Nianze na mazungumzo?

Ukianza na maneno ya mtu, yawe maneno ambayo mtu huyo hakupaswa kuyasema, au hakupaswa kumwambia huyo. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Hapo hakuna hadithi. Lakini salamu zetu zina ngazi, na ngazi ikivunjika msomaji wetu anasikia mara moja:

*"Shikamoo," Mama alimwambia kaka yangu, na kaka akaitikia marahaba.*

Tanzania nzima itasimama hapo. Mama anaanzaje kumwamkia mwanawe? Ni kejeli, kama tunavyosema "nakupa shikamoo" kwa aliyetushinda? Ni hofu? Kaka amerudi na nini? Na dhambi yenyewe haiko kwa mama, iko kwenye "akaitikia". Msomaji wa Nairobi huenda isimchome kiasi hicho, kwa sababu shikamoo kwake ni ya shuleni na ya pwani. Basi jua unamwandikia nani.

Na salamu isiyotolewa nayo ni mwanzo. *Alinipita bila kunisalimu, nami nikamshukuru Mungu.*

Jina la mhusika lije katika sentensi ya kwanza?

Likiwa na kazi. Majina yetu yamebeba mengi: dini, kabila, siku ya kuzaliwa, nafasi kati ya ndugu, na kama ulitangulia kufiwa. Mwandishi akimwita mhusika "Juma" kwa sababu ndilo lililomjia kwanza, ameacha fedha barabarani.

Fikiria desturi ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto. *Mtaa mzima ulimwita Mama Tatu, na Tatu hakuna aliyewahi kumwona.* Nilipoisoma kikundini, mmoja alisema ningeishia kwenye *Mama Tatu hakuwa na mtoto*, ni fupi na inauma. Nikakataa. Ile fupi inajibu. Ile ndefu inaacha Tatu awe hai mahali fulani. Bado tunabishana.

Sheng, au Kiswahili cha mtaani?

Kama hadithi yote inasemwa hivyo, naam, tangu neno la kwanza. *Mathe aliniambia nisirudi keja bila unga.* (Mathe ni mama, keja ni nyumba.) Kinachoharibu ni kuanza kwa Sheng ili uonekane wa leo, kisha kufikia aya ya pili msimulizi yuleyule anasema "ilhali" na "almuradi". Sentensi ya kwanza imemtaja anayezungumza. Ukimbadilisha, msomaji atamtafuta yule wa kwanza kaenda wapi.

## Hali za pembeni

Mtihani umenipa maneno ya kuanzia. Nifanye nini na sentensi isiyo yangu?

Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kila insha ina alama 20 na isipungue maneno 400, na mara kwa mara huja swali la kuandika kisa kinachoanza kwa maneno fulani. Yanukuu kama yalivyo. Usiongeze jua mbele yake, usibadilishe nafsi.

Kazi yako ni sentensi ya *pili*. Watahiniwa wengi huandika maneno waliyopewa, kisha huanza upya kana kwamba hayakuwepo: "Niliamka alfajiri na mapema…" Badala yake, uliza sentensi hiyo imefungua swali gani, na uliguse papo hapo. Ukipewa "Mlango ulifunguliwa polepole", tusiambiwe hali ya hewa. Tuambie nani alikuwa ameshika kitasa upande wa pili, au kwa nini mlango huo haukupaswa kufunguka.

Naandika simulizi ya sehemu kwa sehemu. Kila sehemu iwe na mwanzo wake?

Ndiyo, na huu ni ufundi ambao waandishi wa hadithi za magazetini wameujua siku nyingi, wale wa "Itaendelea". Usianze sehemu ya pili kwa muhtasari wa aya nzima. Chukua kitu kimoja kilichoachwa mkononi sehemu iliyopita, kikombe au bahasha, na uanze nacho kikiwa bado mkononi. Aliyesoma atakumbuka, na ambaye hakusoma atatamani kurudi nyuma.

Hadithi yangu itasomwa kwa sauti, redioni au jukwaani. Kuna tofauti?

Kubwa. Msikilizaji hawezi kurudisha macho. Sentensi ya *Waliliona kwanza watoto*, inayofaa sana kwenye karatasi, hewani inaweza kupotea wakati mtu anavuta kiti. Wape neno au mawili ya kutulia kabla ya neno zito. Na hapa, kwa mara moja, "Hadithi, hadithi!" inaweza kurudi kazini, maana wapo wa kuitikia.

Naandikia watoto.

Watoto hawahitaji mwanzo mtamu, wanahitaji jambo. *Kuku wa bibi alikataa kushuka juu ya dari.* Basi. Usiwaeleze kwamba watajifunza utii.

Mhariri amebadilisha sentensi yangu ya kwanza. Nikubali?

Kama amekata "ilikuwa ni", mshukuru. Kama amegusa kiambishi, muulize kwa nini, kwa adabu, na kwa maandishi.

Niliwahi kupeleka hadithi iliyoanza hivi: *Nikamwambia basi, chukua na kuku.* Ni mwanamke anayegawana vitu na mumewe siku ya talaka. *-ka-* kwa kawaida hufuata kitenzi kingine, kwa hiyo ukianza nayo umemwingiza msomaji katikati ya ugomvi ulioanza zamani: kitanda kimeshagawanywa, sufuria zimeshagawanywa, wamefika kwenye kuku. Ndiyo ilikuwa nia yangu. Mhariri akaniambia sentensi haianzi na *-ka-*, sarufi haikubali, hadithi ikatoka ikiwa na *Nilimwambia achukue na kuku.* Kisarufi haina kasoro, na mwanamke wangu akawa mtu mkarimu anayegawa kuku.

Nakala ya mkono ninayo bado. Ninapoisoma mahali popote, naisoma na *-ka-* yake.